Pumzi ndefu ya Wachina

Wenzetu wengi wanaoandika katika vitabu kama hiki wanachagua mila za kwao: mahari, kilio, majina ya mapacha, ngoma za mavuno. Ni vizuri, na tunavisoma kwa furaha. Sisi leo tunaomba ruhusa ya kuvuka mpaka na kuzungumza juu ya mila ya watu wengine, yaani yale mazoezi ya Wachina yanayofunga pumzi na mwendo wa mwili pamoja: taijiquan na qigong. Hapa Katanga Mchina si mtu wa kusikia katika redio tu. Tangu mapatano ya madini ya mwaka 2008 tunaishi nao, tunanunua kwao, tunafanya kazi kwao, lakini ukiuliza wanajua nini zaidi ya barabara na shaba, watu mingi watanyamaza.

Sisi tulijifunza kwa fundi mmoja wa ujenzi aliyekuwa amepanga nyumba nyuma ya kwetu. Kila asubuhi, kabla ya jua kupanda, alisimama uani, magoti yamekunjwa kidogo, akipandisha mikono polepole kama mtu anayeinua nguo ndani ya maji. Watoto walichungulia juu ya ukuta. Mama mmoja wa avenue yetu alikata shauri kwamba anafukuza mashetani. Tulipomwuliza kwa njia ya kijana aliyemtafsiria Kifaransa, alicheka, akasema mgongo unamwuma, na baba yake alimwonyesha dawa yake. Basi, tukaanza. Mwalimu anayesimama kalasini tangu saa moja na nusu, katikati ya vumbi la chaki na, wakati wa kiangazi, vumbi la barabara, naye yuko na mgongo.

Zoezi la kwanza alilotufundisha ni la mfululizo unaoitwa Baduanjin, wenye vipande vinane. Unasimama, miguu imeachana kadiri ya mabega. Unafunga vidole vya mikono miwili mbele ya tumbo, unavuta pumzi huku unapandisha mikono mpaka juu ya kichwa, viganja vikitazama mbingu. Unakaa kidogo. Kisha unaiachilia mikono ishuke pande zote mbili, na pumzi inatoka pamoja nayo, bila haraka. Hakuna chombo, hakuna nguo maalumu, fasi ya hatua mbili inatosha. Ugumu wake ni mmoja tu: kwenda polepole. Sisi watu wa mji tumesahau. Juma la kwanza tulimaliza vipande vyote vinane kwa dakika tatu, fundi akatikisa kichwa.

Wengine wanaogopa neno qi. Tumesikia wahubiri wakisema ni roho ya kigeni inayoingia ndani ya mtu. Katika lugha ya Wachina neno hilo ni la kila siku: ni hewa, ni mvuke, ni pumzi. Kweli, wazee wao walijenga juu yake elimu nzima ya nguvu zinazopita mwilini, na anayetaka kuikubali aikubali, anayekataa akatae; mikono itapanda na kushuka vile vile. Na Kiswahili chenyewe tukisikilize. Tunasema pumua, tunasema pumzi, tunasema pumzika. Waliotuachia maneno hayo waliona kwamba kupumua na kupata raha ni ukoo mmoja.

Namna inavyofanya kazi haina uchawi. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akivuta, moyo unaongeza mwendo kidogo. Akitoa, kuna neva ndefu inayotoka katika ubongo, inapita shingoni na kushuka hadi kifuani na tumboni, nayo inauzuia moyo. Kwa hiyo pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, moyo unapata nafasi ya kutulia. Mwaka 2001 waganga wa Italia pamoja na wenzao walitangaza jambo ambalo wakristo wa hapa watalifurahia. Walipima watu 23 wenye afya. Waliposali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilishuka mpaka karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuatana nazo vizuri. Waliporudia maneno ya sala ya yoga, ikawa vile vile. Bibi zetu waliokaa na rozari jioni kumbe walikuwa wanafanya mazoezi ya mapafu.

Lakini lililotushika zaidi ni habari ya mila yenyewe. Mwaka 1973, huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, wachimbaji walifungua kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake walikuta kitambaa cha hariri chenye picha za watu 44 wanaofanya mazoezi: wanaume, wanawake, wazee, vijana. Wengine wanaiga wanyama. Pembeni mwa wengine pameandikwa ugonjwa wanaoutibu, kwa mfano maumivu ya goti. Zaidi ya miaka elfu mbili, na goti lilikuwa linauma sawa leo! Taijiquan ni changa zaidi. Inahesabiwa kutoka katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, karne ya 17, na ilikuwa mapigano kabla ya kuwa afya. Mwaka 1956 serikali ya China iliwaita walimu, wakaifupisha kuwa miendo 24, ili mfanyakazi wa kawaida aweze kuijifunza. Qigong nayo ilipewa nyumba za matibabu miaka ya 1950, ikakatazwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza 1966, ikarudi kwa kishindo miaka ya 1980 pamoja na matapeli waliojidai kuponya watu kwa kunyoosha mkono tu. Mwaka 2003 serikali ilichagua mifululizo minne, Baduanjin mmoja wapo, ikaipanga upya. Desemba 2020 UNESCO iliandika taijiquan katika orodha ya urithi wa binadamu, mwaka mmoja mbele ya rumba yetu.

Kwa hiyo anayesema mila haiguswi, aende kuwauliza Wachina. Waliikata, wakaikataza, wakaishona tena, na bado wazee wanaifanya bustanini asubuhi.

Faida yake tuiseme kwa kipimo. Fasi ambapo ushuhuda uko na nguvu zaidi ni kuanguka kwa wazee. Huko Atlanta, Marekani, mwaka 1996, walitangaza matokeo ya watu 200 wenye miaka 70 na zaidi: waliofundishwa taijiquan walipunguza karibu kwa nusu hatari ya kuanguka mara kwa mara. Kule Oregon, mwaka 2012, wagonjwa 195 wa Parkinson walifuatwa kwa majuma 24, na waliofanya taijiquan walisimama imara kuliko wenzao waliofanya mazoezi mengine. Tansioni nayo inaweza kushuka kidogo. Kidogo, tunasema.

Tunasisitiza juu ya mwenzetu mmoja, mwalimu wa jiografia. Yeye alikuwa anameza vidonge vya tansioni. Muuzaji mmoja wa dawa za Asia, mwenye kipaza sauti, akamwambia aviache, achukue unga wake na kupumua kwa tumbo, itatosha. Akaviacha. Mwezi wa tatu alianguka mbele ya kalasi ya nne, na upande wa kuume ukapooza. Muuzaji alihamia soko lingine.

Hakufa. Munganga alimruhusu kufanya mazoezi mepesi, na Jumamosi anakuja kwetu akivuta mguu. Anakaa kwenye kiti. Mkono wa kushoto unashika ule wa kuume na kuupandisha, mpaka usawa wa macho siku nyingine, mpaka kifuani siku ya baridi. Watoto walimwuliza, «Mwalimu, njo dawa ya Bachina hii?» Akajibu kwamba dawa iko mfukoni. Vidonge viko mle kweli, katika mfuko wa shati, na mke wake ndiye anayevihesabu kila jioni.