Somo Linalomngoja Mwanafunzi

Husemwa kuwa elimu ni bahari. Sisi wa Mbwajumali, hapa kisiwani Pate, bahari twaijua. Atakaye chuo hana budi aivuke: boti hadi Lamu au Mokowe, kisha basi. Na boti nayo haendi upendavyo wewe, kwani mlango wa Mkanda wataka maji yajae.

Dada yangu mkubwa yuko katika chuo kimoja cha bara. Masomo yake ni ya mseto: majuma machache huenda darasani, na muda uliobaki husomea nyumbani kwa simu huku akimlea mwanawe. Bila ya mpango huu, asema, angekwisha acha masomo zamani.

Nimemtazama kwa makini nikaona jambo. Mwalimu wake mmoja hufundisha kwa video ya moja kwa moja, saa mbili za usiku. Lo! Dada huzunguka na simu mkononi akitafuta mtandao. Sauti yakatika, picha yaganda, bando laisha. Somo likipita limepita. Mwalimu mwingine hurekodi sauti yake, akaituma pamoja na kurasa za maelezo katika kundi la WhatsApp. Dada hupakua alfajiri, husikiza akipika, hurudia asipoelewa, kisha huandika swali lake. Somo la kwanza humkimbia mwanafunzi. La pili humngoja.

Tena kusomea mbali si jambo geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka wa 1992, kabla simu za mkononi hazijaenea, kikawafikia watu kwa vitabu vilivyochapwa na vituo vya mikoani. Kitabu nacho humngoja msomaji. Hapa Kenya, Chuo Kikuu Huria kilicho Konza kilipewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023, nacho hufundisha kwa mtandao. Furaha iliyoje! Hata mvuvi wa Mbwajumali aweza kusajiliwa bila kung'oa nanga. Lakini jamani, kusajiliwa si kusoma.

Wako wasemao ati video ya papo hapo ni bora, kwa kuwa mwanafunzi humwona mwalimu. Kweli, kuonana kuna faida yake. Dada akirudi chuoni huwa na ari mpya. Basi mijadala na majaribio yafanywe yale majuma ya kukutana, na masomo ya simu yawe mepesi.

Nasema haya kwa kuwa yanihusu. Mwakani naingia kidato cha nne, na baba hana uwezo wa kunipangishia chumba mjini. Huenda mlango wangu wa chuo ukawa ni simu hii hii ya dada. Enyi walimu wa vyuo, rekodini masomo yenu. Nasi wa visiwani tutayasikiza, maji yakijaa au yakipwa.