Mshale Alioniachia Babu

Ndugu msomaji, ukipata siku ya kukaribia nyumbani kwangu, utaona juu ya kabati la vyombo kitu ambacho wageni wengi hukidhania kuwa pambo lililonunuliwa kwa wachuuzi wa vinyago. Ni mshale. Niliwahi kuupeleka kwa sonara mmoja hapa mjini Mbeya, akaupima kwa mizani yake ya dhahabu, nao ukaonyesha gramu 71. Sonara yule alicheka sana, akaniambia kuwa tangu aanze kazi hajapata kuletewa kipande cha mti.

Gramu 71 si kitu mkononi mwa mtu. Ni kama uzito wa yai kubwa la kuku. Lakini kwa mshale ni uzito mkubwa mno, na babu yangu aliyeutengeneza hakuuongeza uzito huo kwa kutojua kazi.

Sisi wenye asili ya Iringa hatukulelewa kwa habari za mishale. Silaha iliyosifiwa na wazee wetu ni mkuki. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, na sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa kwa mikuki. Mpiganaji wa Kihehe alichukua mikuki kadhaa myepesi ya kurusha, na mmoja mzito wa kuchomea ambao haukupaswa kutoka mkononi mwake. Mwepesi ni wa mbali, mzito ni wa karibu. Babu alikuwa akilikariri neno hilo tangu ningali mtoto, nami sikujua kwamba alikuwa akijisema mwenyewe.

Yeye alihama Iringa akiwa kijana, akaenda kulima mpunga katika bonde la Usangu, huku upande wa Mbarali. Siku hizo nyati walikuwa wakitoka katika matete ya Ihefu na kuingia mashambani usiku. Sehemu kubwa ya mbuga hizo iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na leo mtu akikutwa ndani ya hifadhi na silaha bila kibali, hata iwe uta na podo tu, ametenda kosa. Babu hakuwa na leseni hata siku zile, wala hakunificha jambo hilo.

Mwaka 2009, nilipokuwa nikijiandaa kwenda chuo cha uandishi wa habari, nilikaa naye wiki tatu. Ndipo aliponifundisha habari za mshale, jioni baada ya jioni, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.

Mshale wa kanga na sungura, alisema, hutengenezwa kwa tete. Ni mwepesi, huruka upesi, na ukiupoteza huna hasara. Mshale wa nyati hutaka uti wa mti mzito kama mkole, uliokaushwa kivulini, ukanyooshwa polepole kwa joto la moto na kwa meno. Kigumba chake hakifuliwi kwa msumari, bali kwa chuma cha kweli, na kilicho bora kuliko vyote ni bapa la springi ya lori. Hufungwa kwa kano, na nyuma hutiwa manyoya ya tumbusi. Kisha mshale hulazwa juu ya kidole kimoja. Usipoelemea upande wa kigumba, haufai, kwa maana mshale ulio mzito mbele huvuta mkia wake nyuma na kwenda sawa. Lakini hapo pana mtego: kigumba kizito juu ya uti laini huufanya uti upinde uachiliwapo upote, nao ukifika kwa mnyama ungali unatikisika nguvu zote hupotelea kando. Kwa hiyo babu aliubonyeza kila uti gotini kabla ya kuukubali, na nyingi aliziweka kuni.

Walimu wa fizikia watanisamehe nikifanya hesabu ndogo. Tuseme uta mmoja unarusha mshale wa gramu 25 kwa mwendo wa mita 60 kwa sekunde, na ule wa gramu 60 kwa mita 45. Huu wa pili umepungua mwendo, lakini ukizidisha uzito kwa mwendo utaona kwamba msukumo wake unakaribia kuwa maradufu ya ule wa kwanza. Mwepesi ukigonga mfupa husimama, mzito huendelea. Nyati dume aweza kufika kilo 700 au zaidi, ngozi yake ni nene na mbavu zake ni pana.

Waata wa pande za Tsavo, nchini Kenya, waliijua hesabu hiyo pasipo darasa. Nyuta zao za kuwindia tembo zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, na mishale yao ilitiwa sumu juu ya hayo. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Art Young, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa uta, lakini walikuwa pamoja na mwandishi Stewart Edward White aliyeshika bunduki. Mimi siwalaumu. Babu na wenzake hawakuwa na mtu wa kushika bunduki.

Uzito nao hudai malipo yake. Mshale mzito huanguka mapema, basi huna budi kumsogelea nyati hadi hatua 20 au pungufu, mahali ambapo unasikia akicheua.

Jioni ya mwisho babu aliniambia lile alilokuwa akilizunguka. Mwaka 1971 alipata kipande cha springi. Chuma kile kilitosha vigumba viwili, mkubwa wake na mdogo wake. Yeye alimwambia mhunzi afue kimoja tu, kikubwa kuliko cha mtu yeyote kijijini. Mdogo wake akampa mishale ya tete yenye vigumba vya misumari ya inchi sita, akamwambia itatosha.

Nyati walipokuja, yule mdogo ndiye aliyetangulia kupata nafasi. Alipiga kwa hatua zipatazo 30. Mshale uligonga fupa la bega, ukaingia kiasi cha kidole, tete ikavunjika. Nyati akaingia matetemo. Asubuhi walimfuata, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa hawezi kuachwa karibu na watu, naye akawatokea kwa ubavuni. Babu alikuwa ameupachika mshale wake mzito kwenye upote. Hakuuachilia. Hakupata hata pumzi ya kuuvuta. Nyati alimpiga mdogo wake pembe ya paja, na kama si mbwa na mikuki ya wenzao wa nyuma, tungekuwa tumemzika. Walimchukua juu ya kitanda hadi barabarani, lori likamfikisha hospitali.

Nawe msomaji utanielewa nikikuambia kwamba nimekua nikimwona babu mdogo akichechemea, na sote wajukuu tuliambiwa kuwa aliumizwa na lori. Lori lenyewe lilikuwapo kweli. Nafikiri ndiyo maana uongo ule ulidumu.

Babu alifariki mwaka 2021, akaacha neno kwamba mshale ule nipewe mimi. Niliuweka juu ya kabati bila kumwambia mtu habari yake, hata mke wangu.

Mwezi uliopita babu mdogo alikuja kutibiwa macho, akafikia kwangu. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka tisa, alipanda kiti akauteremsha mshale ili amwonyeshe mgeni, kabla sijaweza kumzuia. Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Aliupitisha kidole gumba kando ya kigumba, akaulaza juu ya kidole cha shahada, nao ukaelemea mbele. Akautazama muda mrefu.

"Huu haukupigwa kamwe," alisema.

Nikamjibu, "Ndiyo, babu. Alinieleza."

"Alikueleza na habari za chuma?"

"Alinieleza."

Akanyamaza. Kisha akamrudishia mtoto mshale, akamwambia aurejeshe juu, mahali pa juu zaidi kuliko pale alipoutoa, na akauliza kama chai imekwisha iva.