Kupeana Misemo ya Hekima: Tulivyojifunza Kuuliza Kwanza

Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyeipenda methali. Tumelelewa nayo, tumeisomea, tumeifundisha, na pindi tunapokosa la kusema mbele ya darasa au mbele ya mfiwa, methali ndiyo hutuokoa. Hata hivyo yafaa sisi walimu tujiulize kama kuipenda methali na kuielewa ni jambo moja. Sisi tuandikao makala haya tulidhani kwa miaka mingi kuwa ni jambo moja, tukawafundisha wanachuo wetu hivyo. Kosa letu hatukuligundua darasani. Tuliligundua nje ya darasa, na aliyepata hasara alikuwa mtu mwingine.

Tulipohitimu stashahada ya ualimu tulikuwa marafiki sita. Kila mmoja alipangiwa kituo chake, na vituo vyenyewe vilikuwa mbalimbali mno hata tusiweze kukutana ila wakati wa likizo, tena kwa bahati. Siku ya kuagana tuliahidiana kwamba kila asubuhi mmoja wetu atawapelekea wenzake kwa simu msemo mmoja wa hekima, na jioni, kazi zikiisha, sote tutajadili maana yake. Mwanzoni ahadi hiyo ilitimizwa vizuri. Wako walioleta methali za kwao, wako walioleta maneno ya viongozi na wanafalsafa, na wako walioleta maandishi waliyoyaona nyuma ya malori. Twakumbuka usiku mmoja tuliobishana juu ya "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Ikiwa zote mbili ni hekima, ipi ifuatwe? Hatukupata mshindi, lakini tulilala tukiwa tumefikiri.

Miezi ilivyopita, mjadala ulififia, misemo ikabaki. Kupeleka msemo ni kazi ya dakika moja. Kuujadili kwamtaka mtu aweke chini shughuli yake na kumsikiliza mwenziwe. Ikawa desturi kwamba msemo waja asubuhi ukiwa umepambwa kwa picha ya jua linalochomoza, watu watano wajibu "Kweli kabisa", na siku yaendelea. Hapana aliyeona kuwa kuna kitu kimepotea.

Ndipo usiku mmoja mwenzetu mmoja, aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule iliyo mbali na barabara kuu, alipotuandikia maneno yasiyokuwa msemo. Alisema kwamba mtoto wake mchanga anaumwa tena, kwamba zahanati iko mbali, kwamba mumewe yuko kazini mkoa mwingine, kwamba ameomba uhamisho na hajajibiwa. Alimaliza kwa kusema kuwa amechoka na hajui kama ataendelea na kazi. Maneno yenyewe hayakuzidi mistari minne.

Tulimjibu sote watano kabla ya kulala. Mmoja alimwandikia, "Baada ya dhiki faraja." Wa pili, "Penye nia pana njia." Wawili walimpelekea maneno ya watu mashuhuri juu ya kutokata tamaa. Sisi tulimpelekea "Mvumilivu hula mbivu", na twakiri kwamba tulilala usingizi mzuri, tukiamini kuwa tumemsaidia. Yeye alijibu neno moja tu: "Asanteni."

Hakuandika tena. Misemo iliendelea kuja kila asubuhi kama kawaida. Wiki zile zile mmoja wetu alituletea ule msemo maarufu duniani, usemao kwamba kulea mtoto kwahitaji kijiji kizima, ambao hutajwa kwa Kiingereza kuwa ni methali ya Kiafrika pasipo kutajwa lugha wala kabila, na ambao mwaka 1996 Hillary Clinton aliufanya jina la kitabu chake. Mwingine akatukumbusha kuwa Kiswahili kina methali yake yenyewe isemayo "Mkono mmoja haulei mwana". Tulisifiana kwa ugunduzi huo. Hapana hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba miongoni mwetu alikuwapo mtu aliyekuwa akilea kwa mkono mmoja wiki hiyo hiyo.

Yapata mwaka mmoja na nusu baadaye tulipita katika mji wa kwao, tukamkuta sokoni akiuza kanga. Alikuwa ameacha ualimu. Mtoto alikuwa mzima, akizunguka meza ya mamaye na kuvuta pindo za kanga zilizoning'inizwa. Baada ya salamu na habari za nyumbani tulimwuliza kwa nini hakutuambia kuwa mambo yamefika hapo. Alitutazama kidogo, akasema, "Kaka, niliwaambia."

Tulinyamaza. Naye akaendelea pasipo hasira: "Methali ile uliyonipelekea naijua tangu nikiwa darasa la pili, na mwenyewe nimewafundisha watoto wa watu. Usiku ule sikuwa na upungufu wa methali. Nilitaka mmoja wenu aniulize mtoto anaumwa nini."

Katika mazungumzo yetu ilidhihirika jambo jingine lililotuuma zaidi. Wawili kati yetu tulikwisha kushughulikia maombi ya uhamisho. Tulijua kwamba wakati ule barua ilipita kwa mwalimu mkuu hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na tulijua kwamba anayeomba kumfuata mwenzi wake ilifaa aambatishe nakala ya cheti cha ndoa na uthibitisho wa mahali mwenzi huyo afanyapo kazi. Barua yake haikuwa na kiambatisho chochote. Lau tungalimwuliza usiku ule, "Uliandika nini, na uliambatisha nini?" angalitujibu, nasi tungalimwelekeza. Hatusemi kwamba uhamisho ungalipatikana kwa hakika. Twasema kwamba tulikuwa na msaada mkononi, tukampa msemo badala yake. Shule ile ikampoteza mwalimu wa darasa la kwanza, na kila aliyewahi kufundisha kusoma na kuandika ajua uzito wa hasara hiyo.

Tukiwa bado tumesimama mezani pake, alikuja mama mmoja kununua kanga. Alitazama mji na pindo, kisha akakunjua ile kanga ili asome jina lake, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji. Alisoma, akairudisha. Akachukua ya pili, akasoma, akauliza kama inamfaa wifi aliyejifungua. Muuzaji akamwuliza, "Mnapatana?" Mama akacheka, akachagua ya tatu. Tangu zama ambazo majina ya kanga yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kabla ya hati za Kirumi kuenea, wanunuzi wa kanga wamekuwa wakiyapima maneno kwa namna hii. Doti moja, mama akimpa bintiye huwa dua. Doti iyo hiyo, jirani akiivaa akapita mbele ya mlango wa jirani yake huwa kijembe. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni msemaji, msemwa na siku ya kusemwa. Mwenzetu aliyeacha chaki alikuwa akiifanya kila siku sokoni kazi tuliyoiacha sisi tuliobaki na chaki mkononi.

Tuliporudi chuoni tulifungua maandalio yetu ya somo la methali, nayo yalitutia haya. Shabaha ilikuwa kwamba mwanachuo aweze kutaja methali kumi na kueleza maana zake. Njia ilikuwa ile ile tuliyofundishwa nayo utotoni: mwalimu husema, "Haba na haba," na darasa huitikia, "hujaza kibaba." Njia hii ina furaha yake, tena hukaza kumbukumbu. Lakini ikiachwa peke yake humzoeza mtu kumalizia sentensi za wengine. Mwalimu aliyezoezwa hivyo, akijiwa na mtoto anayelia, au na mwenziwe aliyeelemewa, atatafuta upesi nusu ya pili ya sentensi, kama tulivyofanya sisi.

Tangu hapo twafundisha msemo mmoja tu kwa vipindi viwili mfululizo, na kila msemo twauwekea maswali matatu ubaoni. La kwanza: nani amwambia nani? La pili: kumetokea nini kabla ya maneno haya kusemwa? La tatu: ni nani asiyefaa kuambiwa maneno haya, au ni wakati gani hayafai? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo lizaalo matunda mengi.

Tutoe mfano mmoja. Tulipoandika ubaoni "Samaki mkunje angali mbichi", wanachuo wengi walisema kwa sauti moja kwamba methali hii yahalalisha kiboko: mtoto apigwe angali mdogo. Tulikuwa karibu kukubali na kuendelea. Ndipo mwanachuo mmoja aliyekulia kando ya ziwa aliposimama na kuuliza ni wangapi kati yetu waliowahi kumkunja samaki. Hakuonekana hata mmoja. Akaeleza kwamba wao humkunja kambare kabla ya kumbanika kwa moshi, mkia ukafika mdomoni, ukashikizwa kwa kijiti. Kazi hiyo hufanywa polepole, kwa mikono miwili, kwa kuwa hata aliye mbichi, akikunjwa kwa pupa, nyama hupasuka na kambare haendi tena sokoni. Darasa lilikaa kimya. Mjadala uliofuata juu ya adhabu shuleni ulikuwa mzito kuliko mhadhara wowote tuliowahi kuutoa juu ya mada hiyo, nao ulitokana na mtu kuuliza kazi ambayo methali imetokana nayo.

Mfano wa pili ni wa maneno yatokayo vitabuni. Watu wengi hupeana, kwa nia ya kutiana moyo, yale maneno mashuhuri ya Shakespeare yasemayo kwa maana kwamba unyonge wetu hautokani na nyota bali na sisi wenyewe. Tuliwataka wanachuo watafute mahali maneno hayo yalipo katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Walirudi wakishangaa. Msemaji ni Cassius, msikilizaji ni Brutus, na Cassius asema hivyo ili amvute rafiki yake katika njama ya kumwua Kaizari. Je, maneno hayo ni ya uongo kwa sababu hiyo? Wengine walisema ndiyo, wengine wakasema ukweli haubadiliki kwa ubaya wa mdomo uliousema. Hatukutoa hukumu. Ilitutosha kwamba wameanza kuuliza ni nani asemaye, na amtaka msikilizaji afanye nini.

Wako wakufunzi wenzetu waliotupinga, nasi twaona hoja zao zina uzito. Wasema kwamba mitihani huuliza methali nyingi na maana zake, wala si mazingira yake. Ni kweli, kwa hiyo tumebakiza dakika kumi za mwanzo kwa kutaja na kukamilisha, ili mwanachuo asiumie siku ya mtihani. Wasema pia kwamba njia hii huweza kufungua majeraha ya watu darasani. Hilo nalo ni kweli. Siku moja swali la tatu lilimfanya mwanachuo aanze kusimulia msiba wa nyumbani kwao, na tulilazimika kusimamisha somo na kuzungumza naye faraghani. Kwa sababu hiyo twamwonya mwalimu asimlazimishe mtu kutoa mfano wa maisha yake mwenyewe. Wahusika wa kubuni wanatosha.

Hatusemi kwamba misemo ya hekima itupwe, wala kwamba marafiki waache kupeana. Mwenye huzuni aweza kushikilia methali moja kama mzee ashikiliavyo mkongojo. Lakini mkongojo hukatwa kwa kipimo cha anayeutumia, na kipimo hakipatikani pasipo kumkaribia mtu na kumwuliza. Tulichokosa usiku ule ni hicho, na upungufu huo ulianzia katika namna tulivyofundishwa, nasi tukafundisha.

Mwenzetu hakurudi kwenye ualimu, wala hatukumshawishi. Amerudi katika mazungumzo yetu ya asubuhi, na mara nyingi ndiye atuleteaye misemo mizuri kupita yote, kwa kuwa huitoa mezani pake, akiwa na habari za nani aliinunua na kwa ajili ya nani. Tumewekeana sharti moja: aletaye shida hajibiwi kwa msemo mpaka awe ameulizwa, na amejibu. Mara mbili tumelivunja sharti hilo, na mara zote mbili ni yeye aliyetukumbusha.

Twawaomba wakufunzi na walimu wenzetu waijaribu njia ya maswali matatu katika madarasa yao, hasa yale yenye wanafunzi wengi, ambako sisi bado hatujafanikiwa vizuri. Na watakaoijaribu watuandikie katika jarida hili waeleze mahali ilipowafaa, na zaidi mahali ilipowashinda.