Ukisikia "nzuri, ila..." usikate simu!

Jamani, mjini siku hizi tunasalimiana kama watu wanaodaiana. "Mambo?" "Poa." Mtu keshapita. Mwamkie dada wa saluni shikamoo uone, atakwambia unamzeesha, na wajukuu anao! Wakati hapo hapo Dar miaka ya 1990 wanamuziki wakongwe waliunda bendi yao, wakaiita Shikamoo Jazz, na watu walicheza bila kuona aibu.

Mimi sina ugomvi na mambo-poa, natumia kila siku na washikaji. Ila kwetu Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ukileta hiyo utaonekana umefika lakini hujasalimia.

Unaanza na shikamoo. Wazee husema maana yake ni kumshika mkubwa miguu, ndiyo maana akina dada wengi kule bado wanapiga goti kidogo, hata njiani, hata na ndoo ya maji kichwani. (Jaribuni ninyi wa Sinza!) Tena haiendi kwa umri tu. Nina baba mdogo niliyemzidi miaka 9, na shikamoo yake nampa.

Ikishajibiwa marahaba, ndiyo kwanza mnaanza. Mmeamkaje, watoto je, muhogo umekauka, dagaa wamepatikana? Jibu ni "nzuri" au "salama", hata kama nyumbani kuna msiba. Mgeni hudhani anadanganywa. Kumbe ile nzuri ya kwanza ni ya adabu tu, mtu hawezi kukutupia shida zake kabla hamjatulia. Habari yenyewe inakuja nyuma ya neno moja dogo. "Nzuri, ila bibi hakulala." "Salama, ila mtumbwi wa mjomba haujarudi."

Sasa msikieni kaka yangu wa Dar. Mwaka juzi alimpigia mama simu.

"Shikamoo mama, habari za huko?"

"Marahaba. Nzuri, mwanangu."

"Poa. Sasa mama, wale dagaa wangu umeshawapakia kwenye basi?"

Wakaongea dagaa, simu ikakatwa. Mama alikuwa na siku ya tatu hajala, malaria imemlaza.

Aliyejua ni jirani, aliyekuwa anapita kwenda ziwani kuosha vyombo. Akapiga hodi, akapiga goti mlangoni, akauliza vyote mpaka kuku. Kwenye kuku ndipo mama akasema, "Wapo, ila leo hata kuwafungulia nimeshindwa." Yule mama aliacha vyombo vyake uani, akatafuta bodaboda, wakaenda zahanati wamembana mgonjwa katikati asianguke. Mganga alisema wangechelewa hadi jioni ingekuwa habari nyingine.

Kaka alipopata taarifa akaja juu, eti kwa nini hakuambiwa!

"Hukuniuliza, baba," mama akamjibu. Basi.

Siku hizi kaka akipiga simu anauliza hadi mbuzi wa jirani. Juzi nilikuwa kwake Buguruni, simu ameiweka spika. Tumesikia marahaba, tumesikia watoto wazima, kuku wazima. Halafu mama akasema, "Nzuri mwanangu, ila..." Salio likaisha.

Mbona alitoka peku kukimbilia vocha!