Adabu ya Kuamuru

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda Unix huko Marekani mwaka 1969, amri ziliandikwa kwa mashine za taipu zilizokwenda polepole. Kwa hiyo maneno yalikatwa yakawa mafupi: ls huorodhesha faili, cp hunakili, rm hufuta. Linux, programu huria iliyoanzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991, ilirithi lugha hiyo.

Mtumishi huyu ni mtiifu kupita kiasi. Hutenda lililosemwa, si lililokusudiwa. Akifaulu aghalabu hunyamaza. Akishindwa ndipo hunena. Mwanafunzi atakaye kufuta faili ziishiazo kwa .tmp huandika rm *.tmp. Nafasi moja ikiponyoka baada ya nyota, faili zote zinazoonekana katika folda ile hutoweka, na tasnifu ya miaka miwili pamoja nazo. Hapana pipa la kuokotea kilichotupwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwenye busara huanza na pwd, apate kujua alipo. Huandika ls pamoja na nyota ileile, aone itashika nini. Kisha hutumia rm -i, ambayo huuliza kabla ya kufuta kila faili. Na nakala ya kazi yake huiweka mahali pengine.

Wako wadhanio kuwa ustadi ni kukariri amri nyingi. Sivyo. Amwamuruye mtumishi asiyejua kukataa hana budi kujua kujikataza mwenyewe.