Marekani ya Mama, na Neno Nililoliandika kwa Wino Mwekundu

Mama yangu, aliyezaliwa na kuzeekea huku Ikinga, wilayani Ileje, hakuijua nchi ya Marekani. Aliijua marekani kwa herufi ndogo: kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, alichokishonea mashuka na mifuko ya kuhifadhia mbegu za maharage. Nilipokuwa chuo cha ualimu ndipo nilipotambua kwamba nchi na kitambaa vina jina moja kwa sababu kimoja kilitoka kwa kingine, nikafurahi kama mtu aliyeokota sarafu njiani. Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi asili ya neno hilo kana kwamba ni kichekesho.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza akafika Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta vitambaa vya viwanda vya kwao, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kutoka pwani marekani ilipanda bara mabegani mwa wapagazi, ikawa fedha. Ilipimwa kwa dhiraa, kwa shuka, kwa doti. Kwayo misafara ililipa hongo ya kupita katika nchi za watawala. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na nguo yenyewe ikasaidia kununua watumwa huku kwetu. Hayo yote niliyafundisha. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyeusokota uzi.

Mwaka jana mjukuu wangu alinionesha kwenye simu yake picha za Lewis Hine. Huyu alikuwa mwalimu mjini New York, akaliacha darasa mwaka 1908 ili aipigie picha kamati ya kitaifa iliyopinga kutumikishwa kwa watoto. Wenye viwanda hawakumtaka, kwa hiyo alijifanya mkaguzi wa moto, au muuza Biblia. Alipima vimo vya watoto kwa vifungo vya vazi lake, huku mkono mmoja ukiandika ndani ya mfuko. Zaidi ya picha 5,000 za kamati hiyo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington.

Watoto hao si wale waliotengeneza marekani ya Unguja. Biashara ile ilivurugwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Lakini viwanda vya zama zile navyo vilikuwa na watoto. Lucy Larcom aliingia kiwandani Lowell akiwa na umri wa miaka 11 hivi, kazi yake ikiwa kuondoa bobini zilizojaa uzi na kuweka tupu. Vitabu vilikatazwa kiwandani. Akabandika mashairi yaliyokatwa magazetini kando ya dirisha lake, akayasoma huko huko kazini. Baadaye akawa mshairi. Nawasimulieni habari hii, washairi wenzangu, nikijua mtaipenda, na kupenda kwetu kunanitia wasiwasi. Mmoja alibandika mashairi dirishani. Wenziwe waliendelea kubadilisha bobini.

Picha iliyonishinda ni ya Agosti 1910, kiwanda cha North Pownal, Vermont. Addie Card amesimama peku kando ya mashine ya kusokota, aproni yake imejaa madoa. Alimwambia Hine kwamba ana miaka 12. Wenzake walisema 10. Hine akaongeza katika maelezo yake kwamba binti huyo alianza kazi wakati wa likizo ya shule, na sasa angebaki.

Hapo nilimrudishia mjukuu simu yake.

Mwaka 1994 nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 14. Likizo ya Desemba alikwenda Tunduma kusukuma mikokoteni ya mizigo mpakani, na Januari hakurudi. Niliita jina lake wiki tatu, kisha nikaandika mbele yake, kwa wino mwekundu: mtoro. Mama yake alikuja shuleni kwa miguu kunieleza kwamba marehemu mumewe aliacha deni. Nilimsikiliza, kisha nikamjibu kwamba rejista haina safu ya madeni. Nilijiona mwenye msimamo.

Nami ndiye mwalimu wa Kiswahili! Nilijua vema kwamba mtoro, katika maandishi ya pwani, ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walijijengea hata vijiji vyao. Neno la mtu aliyeukimbia utumwa nilimpa mtoto aliyeukimbilia mzigo.

Watu wazima waliotumikishwa lugha yetu imewapa majina: kibarua, kutokana na kikaratasi cha mfanyakazi wa siku, manamba, kutokana na namba ya mfanyakazi wa mashamba ya mkonge. Kwa mtoto tunasema “ajira ya watoto”, maneno yanayonuka ofisi, au “anasaidia nyumbani”, ambayo wakati mwingine ni kweli tupu. Mimi mwenyewe nimechuma kahawa tangu nikiwa mdogo na simlaumu mtu. Ila kati ya msaada ule na mkokoteni wa Tunduma pana kitu ambacho sina neno lake. Mwenye nalo, katika lahaja yoyote, alilete.

Rejista niliiacha shuleni nilipostaafu. Jina lake nalikumbuka, na la baba yake, na namba yake katika orodha: 17. Mara mbili nimeshuka Tunduma nikasimama karibu na mpaka, nikiwatazama wasukuma mikokoteni, nikimtafuta mtu wa miaka arobaini na kitu mwenye kovu juu ya jicho la kushoto.