Asili na Maana

Lugha ni kama msitu: mgeni huona majani yasiyo idadi, mwenyeji huona miti yenye matawi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa mgeni wa Kiingereza. Nilihifadhi neno moja moja kama mtu ahesabuye majani, na yaliyoingia asubuhi yalitoka jioni. Kisha mwalimu mmoja akatufunulia kuwa maneno mengi ya kitaalamu ya lugha ile yana mashina ya Kilatini na Kiyunani, na kuwa ajuaye shina moja amepata ukoo mzima.

Shina "port" lina maana ya kuchukua. "Import" ni kuingiza bidhaa nchini, "export" ni kuzitoa, "transport" ni kuzisafirisha, na "porter" ni mchukuzi. Shina "scrib" ni kuandika. Likitanguliwa na "de" huwa "describe", yaani kueleza, na maelezo yenyewe huitwa "description". Badiliko hilo la sauti halikunishangaza. Katika Kiswahili b ya iba hugeuka z katika mwizi, na k ya pika hugeuka sh katika mpishi. Kumbe ufunguo nilikuwa nao tangu utotoni, ila sikujua kuwa ni ufunguo.

Furaha ile ikazaa kiburi. Mwaka 1996, wakati wa likizo, mjomba wangu, fundi seremala, alinionyesha kopo la vanishi lenye maandishi ya Kiingereza. Alitaka kujua kama lingeweza kukaa karibu na jiko la makaa alilochemshia gundi. Nikasoma: "inflammable". Nilijua kuwa "flame" ni mwali wa moto, na kuwa "in" hukanusha, kama katika "incorrect", isiyo sahihi. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Haishiki moto, mjomba."

Mjomba hakujua Kiingereza. Alifungua kifuniko, akanusa, akanyamaza kidogo, kisha akalitoa kopo nje.

"Sikukatalii ulichosoma, mpwa wangu," alisema, "lakini pua yangu nayo imesoma."

Miaka ilipita kabla sijalitambua kosa langu. "In" ya Kilatini ni mbili: moja hukanusha, ya pili ina maana ya ndani au kutia. Hii ya pili ndiyo iliyomo katika "inflammable", kitu kiwezacho kuwaka. Kwa kuchelea kosa kama langu, wahusika wa kinga ya moto katika karne ya 20 walipendelea kuandika "flammable". Nami sikuwa na udhuru, kwani lugha yangu ilikwisha kunionya: m ya mtu na m ya mti zafanana kwa sura, lakini wingi wa moja ni watu na wa nyingine ni miti.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Kwa habari ya maneno ni kweli; lakini afuataye asili peke yake hajawa huru bado. Hata leo nawafundisha wanafunzi wangu kutafuta shina kwanza, kisha kulipima katika sentensi ambamo neno limetumika. Shina hutuambia neno limetoka wapi. Limefika wapi, huna budi kuwauliza walitumiao; na penye moto, si aibu kunusa.